Mikono ya Bwana Rajabu Kwenye Waya wa Simu

Vijana wangu wa kitengo cha laini, siku niliyostaafu mlinipa keki, kanga na hotuba nzuri kuliko nilivyostahili, kisha mkaniomba niandike kidogo kuhusu kazi. Nimeketi barazani, chai iko mezani, na hakuna mteja atakayenipigia leo, kwa hiyo sina kisingizio. Habari za vyeo nitaziruka. Nilipanda kidogo, nikakaa hapo hapo muda mrefu, yaliyobaki mnayajua. Nitaandika kuhusu nyaya za shaba, maana ninyi mnavuta nyuzi za kioo, yaani faiba, na wengine wenu hamjawahi kuushika waya wa simu ila kwa kuukata.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa ovaroli iliyoshonwa kwa ajili ya mwanamume mrefu. Nilikunja mikono, nikakunja miguu, nikajifunga kiunoni kwa kipande cha kamba. Fundi niliyepangiwa alikuwa Mzee Mkude, Mluguru wa Matombo, mtu mfupi mwenye sauti ya watu watatu. Alinitazama, akaniuliza kama naogopa kupanda nguzo. Nikamjibu kwamba sijui, sijawahi kupanda. Jibu hilo lilimpendeza. Akanipa simu ya fundi, ile yenye vibanio viwili vya kushika waya, akasema kwa juma zima nisipande popote, nisikilize tu.

Basi nikasikiliza. Laini iliyoingia maji hulia kama mafuta yanayokaanga. Jointi iliyolegea hukohoa. Laini iliyogusana na jirani yake huleta mazungumzo ya watu, na hayo, alisema Mzee Mkude, fundi anapaswa kuyasahau kabla hajashuka. Nilisikia mengi ya mji huu. Niliyasahau yote, isipokuwa mapishi ya kisamvu ambayo hadi leo napika.

Asubuhi moja aliniingiza chumba cha mitambo, akawa anaongea na mwenzake wa stesheni ya Kisaki. Laini ilivuma kama mto uliojaa. Nilidhani atapiga kelele tu, kama wafanyavyo watu wote. Kumbe alikuwa na utaratibu wake. Kila namba aliitaja mara mbili, kila jina alilivunja herufi kwa herufi, na mwishoni mwenzake akamrudishia yote tangu mwanzo. Ujumbe mfupi ukawa mrefu, lakini ulifika mzima. Nilimuuliza kwa nini asiharakishe kabla laini haijakatika.

"Binti yangu," akasema, "kwenye laini mbovu, anayesema haraka husema mara nne. Anayesema polepole husema mara moja."

Miaka ikapita juu ya nguzo. Nilifanya kazi Gairo, ambako upepo ulisuka waya pamoja kama nywele, nikafanya kazi milimani, ambako nyani walizifanya laini zetu bembea. Zikaja modemu za kupiga namba, zilizolia kana kwamba zinachinjwa. Mwenye duka mmoja wa Gairo aliichomoa yake siku ya kwanza, akaniambia hawezi kukaa na kitu kinachoteseka. Baadaye ikaja intaneti ya kasi kwenye waya ule ule wa simu, na pamoja nayo akaja Neema.

Wengi wenu mnamjua Neema kama bosi wenu. Wakati ule alikuwa mhandisi kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Dar es Salaam, na alinipa shikamoo kabla sijageuka kumtazama. Nilikuwa nimejiandaa kumuona mjuaji. Badala yake aliniomba nimfundishe kupanda nguzo, naye akanifundisha kilichokuwa kikitokea ndani ya waya baada ya sisi kushuka. Mapatano hayo yalitufaa wote wawili, ingawa yeye alipata michubuko zaidi.

Somo la kusahihisha makosa alinipa njiani tukielekea Bigwa. Akina mama wa mlimani walikuwa wanateremka na mizigo ya ndizi na mboga vichwani, kwa mstari. Neema aliniambia nifikirie kwamba wamebeba barua. Ukimpa kila mmoja barua yake nzima, mmoja akateleza mtoni, barua yake imekwenda yote. Lakini ukizikata barua mistari mistari, ukawagawia kwa kuchanganya, mmoja akiteleza kila barua hupoteza mstari mmoja tu. Na kama uliongeza mistari michache ya akiba, ule uliopotea unaweza kuukokotoa ukaurudisha. Ndivyo mtambo wetu unavyofanya: unachanganya data, unaongeza za akiba, na modemu ya mteja inazipanga upya na kuziba mapengo. Hakuna anayelazimika kurudi mlimani kuchukua barua nyingine.

Nikamwambia kwamba hilo ni jambo jema, basi tuweke akiba nyingi kwa kila mteja tukalale. Akacheka. Mistari ya akiba nayo inabebwa vichwani, akasema. Kadiri inavyozidi, ndivyo nafasi ya barua zenyewe inavyopungua. Na huwezi kusoma hata barua moja mpaka wabebaji wote wafike. Akiba hiyo ndiyo kinga: kinga kubwa inakula kasi na inaleta kuchelewa. Kinga ndogo inakupa kasi, mpaka mtu ateleze.

Nilielewa kichwani. Kuelewa kabisa kulikuja na Bwana Rajabu.

Bwana Rajabu alikuwa fundi cherehani wa Bigwa, kiziwi tangu utotoni. Mkewe, Bi Hadija, anasikia. Ndiye aliyekuja ofisini kwetu, akaketi mbele yangu na kueleza shida yao bila haraka. Walikuwa na binti mmoja, Asha, anayefundisha watoto viziwi Tanga na kuishi huko kwa shangazi yake. Kwa ajili yake walivuta intaneti. Kila jioni baba na binti waliongea kwa lugha ya alama mbele ya kompyuta, kwa sababu nyumba yao iko nyuma ya kilima na simu za mkononi pale hushika kwa bahati. Sasa picha ilikuwa inavunjika. Bi Hadija alisema sisi tunaosikia, sauti ikikwaruza, huwa tunabahatisha maneno. Mumewe akiona mkono umekatika vipande vipande hana cha kubahatisha. Neno limekufa.

Nikamuahidi kwamba tutaangalia, kama tunavyoahidi wote. Akabaki ameketi.

Akanieleza yaliyobaki. Asha alikuwa anaolewa. Nikahi ingefungwa Tanga kwa shangazi, na Bwana Rajabu alikuwa amekwisha kujishonea kanzu ya safari, lakini mvua zilipoanza aliteleza nyuma ya nyumba yake na kuvunjika mguu. Ulikuwa kwenye plasta mpaka juu ya goti. Baba ndiye anayemuozesha binti, au anampa mwingine uwakala wa kumuozesha. Mdogo wake Bwana Rajabu, anayesikia, alikuwa tayari kwenda kusema kwa niaba yake. Bwana Rajabu alikataa. Sheikh wa Tanga, mtu muungwana, alikubali kumuona kwenye picha akitoa uwakala kwa mikono yake mwenyewe, na mwalimu mwenzake Asha angetafsiri. Sheikh aliweka sharti moja tu, kwamba aone vizuri. Picha ikikatika katikati ya maneno hatapokea, kwa kuwa nikahi si jambo la kukisia.

"Maisha yake yote watu wamemsemea," Bi Hadija akasema. "Sokoni wanamsemea, hospitali wanamsemea. Hata alipokuja kunichumbia alisemewa. Hili anataka kulisema mwenyewe."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Neema. Aliitazama laini kwenye mtambo na kuona makosa yamejaa. Akaiwekea kinga kubwa kabisa, tukampigia Bi Hadija ajaribu. Kuvunjika kukakoma. Tukapongezana. Kesho yake Bi Hadija akapiga simu kutuambia, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kwamba sasa picha haivunjiki ila imekuwa ukungu. Vidole vya Bwana Rajabu vilishikamana kama amevaa glavu, na Asha alikuwa anamuomba arudie kila kitu. Ile akiba ilikuwa imekula kasi, hasa kasi ya kupandisha picha kutoka Bigwa kwenda Tanga, ambayo kwenye laini ndefu kama ile ilikuwa nyembamba tangu awali.

Neema akaenda upande wa pili, akaondoa kinga karibu yote. Namba za kasi kwenye skrini zikaruka juu mpaka tukaitana kuja kuziona. Asubuhi nzima picha ilikuwa safi ajabu. Mchana ikasambaratika vibaya kuliko mwanzo, na modemu ikawa inakata laini na kuanza upya. Namba zilikuwa kubwa, lakini data zilifika zimevunjika, zikatumwa tena, zikavunjika tena. Nikamkumbuka Mzee Mkude na Kisaki yake, nikamsimulia Neema. Akasema kwamba huku kwenye mtambo amekwisha kufanya alichoweza, shida iko kwenye waya, na waya ni wangu.

Basi nikaufuata waya kwa miguu, kutoka kabineti, lile kabati la nyaya la kando ya barabara, hadi Bigwa, naye akiwa nyuma yangu na ngazi. Nguzo ya kwanza yenye kasoro niliitambua kwa sikio. Kiboksi cha juu kilikuwa kimefanywa mji na sisimizi, na jointi ndani yake imeota ukijani wa kutu. Nilisafisha, nikaunga upya, nikashuka na sisimizi wachache ndani ya ovaroli, jambo ambalo Neema aliliona la kuchekesha kuliko nilivyoliona mimi. Mbele kidogo tulikuta tawi la waya lililokwenda kwenye duka lililofungwa zamani. Simu ilikwisha kuondolewa, waya ukaachwa ukining'inia bila mwisho. Kwa sauti za kawaida haukumdhuru mtu. Kwa intaneti ni kama kuongea kwenye chumba chenye mwangwi. Nikaukata.

Kasoro ya tatu ilikuwa mashine ya kusaga. Waya wa Bwana Rajabu ulipita karibu kabisa na ukuta wake, na kila injini ilipowashwa, simu yangu ya fundi ilipasua sikio. Mwenye mashine, Mzee Kobelo, alipotuona tunaelekeza vidole kwake alitoka na unga mpaka kwenye nyusi, akasema kabla hatujasalimia kwamba ana kibali. Nikamwamkia shikamoo, nikamueleza kwamba hatukuja kumfungia. Neema akamuomba awashe na kuzima, akawasha na kuzima, na kwenye swichi kubwa ya ukutani tukaziona cheche zikiruka. Ile swichi ilikuwa imechakaa. Kila ilipopiga cheche, waya wetu uliinywa kelele yote.

Mzee Kobelo alijitetea kwamba swichi ile inafanya kazi vizuri na ni ya zamani kuliko sisi. Nikamueleza habari ya harusi. Kwanza alikasirika, kwa sababu alikuwa amealikwa kwenye sherehe ya Bigwa na hakuna aliyemwambia kwamba yeye ndiye anayemkata Rajabu maneno. Halafu akasema ataagiza swichi mpya. Fundi umeme wa mjini akamjibu kwamba ya aina ile itatoka Dar, na haitawahi siku ya nikahi.

Nilihamisha waya upande wa pili wa barabara, mbali na ukuta ule kadiri nguzo zilivyoruhusu. Siku hiyo Bwana Rajabu alikaa dirishani, mguu wake juu ya stuli, akinitazama kila nilipopanda na kushuka. Tulipomaliza, Neema aliweka kinga ya kati, akiipandisha na kuishusha kidogo kidogo huku mimi nikiwa sebuleni mwao nikimwambia kwa simu nilichokiona. Asha alikuwa upande wa pili, akimtajia baba yake kwa alama majina ya vyakula vya harusi, naye baba akiyarudia, ili tupime vidole vya pande zote mbili. Tulisimama pale ambapo Bwana Rajabu aliinua dole gumba na Asha naye akainua lake. Waya ulipokuwa mbovu, hatukuwa na mahali kama pale pa kusimama. Baada ya kuutengeneza, kinga ndogo ilitosha, na kasi iliyobaki ilitosha pia.

Siku ya nikahi tulialikwa, mimi na Neema, na sijui kama tulialikwa kama wageni au kama vipuri. Sebule ilijaa. Bwana Rajabu alivaa ile kanzu ya safari, na mguu wa plasta ameufunika kwa kanga ya mkewe. Mdogo wake alikaa pembeni yake, mikono magotini, bila la kusema. Mzee Kobelo alikuwa amekuja na kutuhakikishia kwamba mashine imefungwa kwa heshima ya shughuli.

Sheikh alitokea kwenye skrini, Asha nyuma yake na mwalimu mwenzake kando. Alisalimia, akamuuliza Bwana Rajabu kwa kupitia mwalimu yule kama anampa yeye uwakala wa kumuozesha binti yake Asha kwa kijana aliyetajwa, kwa mahari waliyopatana. Bwana Rajabu akainua mikono.

Hapo ndipo mashine ikaanza kuunguruma. Mzee Kobelo aliruka kutoka kwenye kiti na kutoka nje mbio, akilitaja jina la mkewe. Nilijifunza baadaye kwamba mteja wa mbali alimlilia mama yule, naye akamuonea huruma. Mimi sikumuangalia mtu. Nilikuwa naangalia taa ya modemu, na Neema alikuwa amenishika mkono kwa nguvu.

Pembeni mwa picha vilitokea vipande viwili vitatu vya mraba, juu ya bega la sheikh. Vikatoweka. Taa haikupepesa. Bwana Rajabu aliuhisi mtetemo sakafuni, nikamuona akitazama miguu yake mara moja tu, lakini mikono haikusimama. Alisema alichotaka kusema, na alisema zaidi ya alichoulizwa, maana yule mwalimu alianza kutafsiri, kisha akarudi mwanzo: baba anasema nakupa uwakala umuozeshe Asha, na anasema pia kwamba binti huyu alikuwa mdomo wake kwa watu tangu ana umri wa kutumwa dukani, na leo anampa ruhusa apumzike.

Sheikh hakuomba arudie. Alisema ameona na amepokea. Asha akainua mikono akamjibu baba yake jambo ambalo hakuna aliyelitafsiri, na Bwana Rajabu akacheka, kicheko kikubwa kisicho na aibu, mpaka mdogo wake naye akacheka bila kujua sababu. Mashine ikazimika baada ya hapo. Hatukuwa na shida nayo tena.

Tulipokula na kushiba, nilijaribu kumueleza Bwana Rajabu kwa mikono yangu mizito kilichotokea: akina mama, mizigo, mto, mistari ya akiba. Alinifuatilia kwa subira ya mtu aliyezoea kueleweshwa vibaya. Kisha akamwambia mkewe jambo, na Bi Hadija akaona haya kulisema.

Mwishowe Bi Hadija akaniambia kwamba viziwi hawamuiti mtu kwa kutamka jina. Humpa alama yake, na haipatikani kwa kuomba. Mumewe alikuwa amenipa yangu. Bwana Rajabu akaionyesha: vidole viwili vikapanda juu ya mkono wa pili kama mtu anavyopanda nguzo, na vilipofika juu, akajaza hewa mashavuni. Nikauliza mashavu ni ya nini. Bi Hadija akatazama sakafu, akasema ndivyo ninavyohema nikifika juu.

Neema alicheka mpaka akatoka nje.

Laini ile ilidumu hadi mlipokuja kuing'oa na kuweka nyuzi zenu za kioo, na nakiri kwamba picha ya sasa ni nzuri zaidi. Juzi nilikuwa sokoni mjini nikichagua nyanya. Ng'ambo ya meza za samaki, mwanamke nisiyemfahamu kabisa alinikazia macho, akaweka kikapu chini, akapandisha vidole viwili mkononi mwake na kujaza mashavu hewa. Nikaweka nyanya chini, nikamuitikia.